Mpaka Muone Kwenu

Sisi wasichana wa Malindi, ile ya milimani Lushoto, tulimwita Katibu, na mpaka leo sijui nani alimchagua. Nilipoanza kucheza netiboli nilimkuta tayari ni katibu wa ligi yetu ya wasichana, ana filimbi asiyoipuliza, na tepu ya kupimia nguo imening'inia shingoni, kwa sababu kazi yake ya kila siku ilikuwa ushonaji. Cherehani yake ilikaa barazani pale Lushoto mjini, upande wa juu wa soko. Ofisi ya ligi ilikuwa hapo hapo, katikati ya sare za shule zilizokuwa zikisubiri vifungo.

Hakutufundisha kudaka mpira wala kufunga. Sidhani kama alizijua sheria zote za mchezo. Kazi aliyojipa ni moja tu, kupanga timu ipi isafiri kwenda wapi, na kuhakikisha imerudi. Ukimsikia mtu anasema hiyo ni kazi ndogo, basi huyo hajawahi kukaa milimani kwetu. Huku unaweza kuuona uwanja wa wenzako ng'ambo ya bonde, ukaona hadi nguo walizoanika, na bado ukatembea asubuhi nzima kuufikia.

Nimemkumbuka sana mwaka huu. Nilidhani ni hali ya kupita, kama mtu anavyokumbuka viazi vya kwao akila vya dukani. Haikupita.

Nianze na sketi, maana ndizo zilizotukosanisha naye kwanza. Alipata kitambaa cha msaada, akajitolea kuzishonea timu zote. Tulipofungua furushi letu tukakuta sketi zote ni za kipimo kimoja. Mimi nilikuwa mrefu kuliko wote, yangu ikaniishia mahali ambapo baba yangu, mzee wa kanisa, hawezi kutazama. Mdogo wetu kabisa yake ilimfika karibu na vifundo vya miguu. Nikamfuata Katibu barazani.

"Katibu, yangu fupi."

"Ligi ni ya haki," akasema bila kuinua macho. "Sketi zote sawa."

"Lakini miguu yetu si sawa, Katibu."

"Miguu sikushona mimi."

Mama akaniongezea pindo la kitenge chekundu, nikaingia nalo uwanjani hivyo hivyo, watu wakacheka. Katibu hakucheka. Mapumziko yalipofika alikuja, akainama, akaligeuza lile pindo kutazama mshono. "Nani kashona?" Nikamwambia mama. "Kashona vizuri," akasema. "Mwambie aliyekosea ni mimi." Msimu uliofuata alipanda mwenyewe kila uwanja na tepu yake, akampima kila mmoja wetu, hata wale wa akiba. Hakuwa mtu wa kuomba radhi mara mbili.

Kwa wateja wake alikuwa mkali. Bwana harusi mmoja aliwahi kuondoka na suruali nusu kwa sababu alimharakisha. Mabishano ya ligi yakipamba moto barazani, viongozi wa timu wanapandiana sauti, Katibu alianza kukanyaga cherehani isiyo na kitambaa. Kelele ile ya sindano ikishona hewa iliwamaliza wote. Wakinyamaza naye anaondoa mguu, anasema, "Haya, mmoja mmoja." Sisi wasichana hakutupandishia sauti hata siku moja. Mwezi wa Ramadhani alikuja viwanjani akiwa amefunga, anakataa kukaa kivulini eti wachezaji wanachomwa jua. Jumapili hakuweka mechi, kwa ajili yetu sisi wa kanisani. Na neno lake lilikuwa moja, tulimwiga mpaka tukachoka: "Ushindi mnyang'anyane. Uchovu tugawane."

Alikuwa na sheria moja ambayo haipo kwenye netiboli ya mahali pengine popote. Nyumbani kwetu mgeni hasindikizwi mlangoni tu akaachwa, hilo kila mtu analijua. Katibu aliichukua desturi hiyo akaifanya sheria ya ligi. Mechi ikiisha, timu mwenyeji inawalisha wageni makande au viazi, halafu inatoka nao, wachezaji wote, iwe imeshinda au imefungwa. Wanatembea pamoja mpaka mahali ambapo wageni wanaona kwao. Hata kama ni mgongo tu wa mlima wa kwao, au paa la kanisa, au moshi. Hapo ndipo wanaagana. Na mwenyeji hageuki. Anasimama pale pale mpaka mgeni wa mwisho apotee machoni.

"Mechi haijaisha mpaka wageni waone kwao," alisema. Timu iliyovunja sheria hii alikuwa tayari kuinyang'anya ushindi, na aliwahi kufanya hivyo.

Msichana aliyekupiga kiwiko uwanjani sasa anatembea na wewe kwenye utelezi, amekushika mkono usianguke, mnakula matunda ya plamsi kutoka mfuko mmoja. Nimeolewa, nimezaa, nina kazi, na bado nikiulizwa raha ya maisha ninazikumbuka zile njia. Hasira zote za mechi zilibaki humo.

Kasoro ilikuwa Mombo. Wakati ule ligi ilikuwa moja, kuanzia kwetu Malindi kwenye baridi mpaka Mombo chini kabisa, barabara kuu ya kwenda Moshi inapopita. Soni walikuwa katikati, kila mahali kwao karibu. Sisi safari ya Mombo tuliianza alfajiri juu ya lori la kabichi aina ya Fuso, tumejifunga kanga juu ya masweta. Lushoto tunampakia Katibu. Tukifika Soni masweta yanaanza kuvuliwa. Barabara ikizidi kushuka kando ya korongo, Katibu anavua koti lake, kila safari kwenye kona ile ile, analikunja vizuri na kulikalia. Kule chini alikuwa mtu mwingine. Alicheka ovyo, alinunua machungwa ya kutugawia, aliwapungia mkono abiria wa mabasi ya mbali kana kwamba ni ndugu zake. Fundi mkali wa barazani tulimwacha Lushoto.

Na Mombo kulikuwa na nahodha wao. Yeye alikuwa mlinzi, mimi mfungaji, kwa hiyo mechi nzima tulikuwa pua kwa pua, ananipumulia usoni. Mara ya kwanza alinizuia nisifunge chochote. Baada ya mechi akamenya chungwa, akanipa kipande kwanza mimi. "Kula, mtu wa baridi. Umechoka eeh?" Nikamwambia nimechoka na joto lenu, si na wewe. Tangu hapo tukawa marafiki. Wao wakipanda Malindi analala kwetu, kitanda kimoja na mimi, anatetemeka usiku kucha na kuwasema babu zetu waliochagua kukaa huku.

Tatizo la Mombo ni kwamba ukisimama pale huoni kwenu. Milima imesimama mbele yako yote, ukuta mtupu, na Malindi iko nyuma kabisa. Wasichana wa Mombo walitufikisha mdomoni mwa barabara ya kupanda mlima, tukalingoja Fuso, wakasimama mpaka tupotee. Lakini kwetu hatukuona. Katibu lilimkera jambo hilo, nililiona usoni kwake, ingawa hakulisema.

Siku moja Fuso lilichelewa kushusha mzigo, kisha likaharibika njiani juu ya Soni. Tulifika Malindi giza limeshaingia, mvua inanyesha. Baba alikuwa amesimama barabarani na tochi pamoja na baba wengine, amelowa hadi kofia. Hakunipiga wala hakunigombeza. Alinimulika usoni, akasema, "Basi. Imekwisha." Na wale wengine wakasema vivyo hivyo kwa mabinti zao. Pale timu ya Malindi ilikufa, maana bila sisi wa mtaa ule hawakutimia saba.

Katibu alipanda kwetu juma lile lile. Nilikuwa jikoni, mlango wazi, nikasikia yote.

"Mzee mwenzangu, nimekuja kuomba msamaha, halafu niombe mtoto."

"Msamaha chukua," baba akasema. "Mtoto, tawe." Kwetu tawe ni hapana, na baba akiisema kwa Kishambaa ujue ameshafunga mlango.

"Nipe sharti. Gumu upendavyo."

Mimi moshi ulinitoa machozi, au nilisingizia moshi. Mwisho baba akasema, "Binti yangu afike wakati mimi nikisimama hapa mlangoni, namwona anakuja, najua ni yeye. Si kivuli, si sauti. Nijue ni yeye."

"Nimekusikia," Katibu akasema. Akanywa chai yake, akaondoka bila kuahidi kitu.

Kikao kilichofuata kilikuwa cha kugawa ligi upya. Nilikuwepo kama nahodha wa timu iliyokufa. Katibu alisema kila timu ipangwe na wale ambao ikicheza nao itasindikizwa, itaona kwao, na itafika nuru ikiwepo. Mwalimu wa timu ya Soni akasimama kupinga. Alikuwa mtu mwema, ila kwao ilikuwa rahisi. "Kila timu inacheza nyumbani na ugenini," akasema. "Usawa gani tena unautaka? Malindi wanadeka."

Vurugu ikaanza. Katibu akakanyaga cherehani yake tupu mpaka wakatulia. Halafu akamwambia mwalimu kwa upole, "Jumamosi ijayo mna mechi Mombo. Safari hii nyinyi ni Malindi."

"Kivipi?"

"Mtapanda Malindi Ijumaa. Mtalala huko. Alfajiri mtashuka na kabichi, mtacheza, kisha mtarudi Malindi. Mkishafika Malindi ndipo mtaruhusiwa kwenda kwenu Soni."

Watu walidhani ni utani. Katibu hakuwa na utani akiwa Lushoto. Wasichana wa Soni wakalala kwetu, mama akawapikia. Alfajiri tuliwaona wamepangana juu ya kabichi na mwalimu wao katikati, amejifunga kanga ya mama yangu kichwani. Wakapita Soni, kwao kabisa, ndugu zao wanawapungia mkono, na gari halikusimama. Huko Mombo walifungwa vibaya. Jioni wakapita tena Soni wakiwa hoi, wanayaona mapaa ya nyumba zao, na gari likaendelea kupanda kwenda Malindi. Nasikia hapo mmoja alilia kwa sauti. Kikao kilipokaa tena, mkono wa kwanza kuinuliwa kukubali mpango wa Katibu ulikuwa wa mwalimu wa Soni.

Ligi ikagawanywa makundi matatu. Sisi tukawekwa na wenzetu wa juu, Lukozi, Mtae na wengine wa huko huko. Soni wakawa pamoja na majirani zao na Lushoto. Mombo, ambao hakuna wa mlimani aliyeweza kuona kwao kutoka kule, Katibu aliwaunganisha na vijiji vya tambarare, wakacheze wenyewe kwa wenyewe mpaka fainali, ambapo washindi wote wangekutana Lushoto.

Baba alisimama mlangoni Jumamosi ya kwanza. Tulitoka Lukozi tumesindikizwa mpaka tunaona mti wa mparachichi wa kwetu, nikaja peke yangu kwenye njia ya shamba, jua bado lipo. Akanitazama nikikaribia. "Ni wewe," akasema, akaingia ndani. Timu ikafufuka. Nilicheza mpaka namaliza shule, na baada yangu wadogo zangu wawili, wote kwa sababu ya mpango ule. Hilo lazima nilitangulize, maana linalofuata linaweza kusikika kama lawama.

Fainali haikuchezwa. Mwaka wa kwanza mvua ilikata barabara. Mwaka wa pili timu za tambarare zilikuwa zimeshazoeana, zikaanzisha ligi yao, wala hatukuwalaumu. Yule nahodha wa Mombo sikumwona tena. Sisi tulikuwa tumelalamikia safari ile kwa miaka, joto, vumbi, kabichi zinazotupiga mgongoni, na ilipoondolewa tukabaki tunaisimulia. Tulifika nyumbani mapema, tukakaa jikoni, tukaanza kubishana ni kona ipi Katibu alivua koti.

Yeye mwenyewe hakuwa na sababu ya kushuka tena. Nilipita barazani kwake mara nyingi baadaye, nikamkuta na koti lake limefungwa vifungo vyote. Nilimuuliza kama huwa anaikumbuka Mombo. "Machungwa siku hizi yanaletwa mpaka sokoni hapa," akanijibu, akaendelea kukanyaga.

Maisha yana mambo yake. Kazi ya ualimu ilinipeleka Mombo, huko nikaolewa, na huko ndiko kwangu. Nilimuulizia yule nahodha, nikaambiwa aliolewa mbali. Shuleni ninafundisha wasichana netiboli. Jioni wakipumzika hukaa chini wameielekea milima, na siku moja mmoja wao akaniuliza, "Mwalimu, kule juu kuna watu wanaocheza?"

Ndipo nikapanda Lushoto mwezi uliopita kumtafuta Katibu. Barazani kuna kijana anauza kava za simu. Nikaelekezwa nyumbani kwake, juu ya mji, nikamkuta amekaa nje na koti lake, na cherehani iko ndani, imefunikwa shuka. Macho yamekwenda. Anaona mwanga, basi.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba. Sema tena."

"Shikamoo."

"Sketi fupi!" akasema, na uso wote ukafunguka. "Sketi fupi ya Malindi. Kaa hapa. Mama hajambo? Yule mshonaji wa vitenge?"

Nikamwambia mama hajambo, baba tulimzika. Akamwombea. Akaniuliza niko wapi siku hizi, nikasema Mombo. Alicheka kicheko chake cha kule chini, sikuwa nimekisikia tangu utoto.

"Mimi nimehangaika kukutoa Mombo, wewe umerudi mwenyewe!"

Tukanywa chai. Nikamwambia lililonileta, kwamba nataka wasichana wangu wapande kucheza na timu za huku, nimeshasema na Soni na Malindi, ila sitaki kugusa mpango wake bila yeye kujua. Akaweka kikombe chini.

"Na wa huku watashuka?"

"Hapana. Tutapanda sisi. Kila mara."

"Hiyo si haki. Uchovu wote umewabebesha nyinyi."

"Wenyewe wanautaka, Katibu. Nimewauliza mmoja mmoja."

Nikaona mguu wake unapanda na kushuka taratibu juu ya udongo, unakanyaga cherehani isiyokuwepo. Niliogopa. Alikuwa na haki ya kusema tawe, na angesema hivyo ningeshuka na jibu hilo kwa watoto.

"Uchovu wa mtu kuutaka mwenyewe," akasema mwishoni, "huo sikuupigia hesabu." Kisha, "Nilikosea?"

"Baba asingeniruhusu tena, Katibu. Nisingecheza kabisa."

"Hilo najua. Nimekuuliza kama nilikosea."

Sikutaka kumdanganya. "Tulifika mapema," nikasema, "na tukapoteana."

Akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi, kama mtu aliyepewa kipimo alichokuwa anakihisi. "Wakishuka, wataona kwao wapi?"

"Ile kona yako ya koti. Tambarare yote inaonekana pale, barabara kuu na mabasi. Soni watawafikisha hapo. Nuru ikiwepo."

"Kona ya koti," akarudia. "Basi waje. Na siku hiyo mnipitie."

Nilipoinuka kuaga akainuka na yeye, akatafuta fimbo. Nikamwambia akae, njia inateleza, ukungu umeshuka. Akauliza tangu lini mgeni akampangia mwenyeji. Tukatoka tumeshikana mkono, polepole, mpaka mwisho wa ua wake wa michongoma, njia inapoanza kuteremka kwenda stendi. Zaidi ya hapo hakuweza. Alikuwa anahema.

"Unaona kwenu?" akaniuliza.

Chini mbele yangu palikuwa na ukungu mtupu, hata paa la stendi halikuonekana. "Naona, Katibu."

"Haya. Nenda."

Nikateremka. Kwenye kona nikageuka, nikamwona bado amesimama, uso ameuelekeza njiani, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mwenyeji hageuki mpaka mgeni apotee machoni. Yeye atajuaje kama nimeshapotea? Nikatembea kidogo, nikageuka tena. Yupo. Nikakusanya mikono mdomoni, nikaita kwa nguvu zangu zote.

"Katibu! Sionekani tena! Rudi ndani!"

Aliinua mkono kwamba amesikia. Lakini hakugeuka.